Nani Analipia Mfupa wa Fisi?

Hotuba hii niliitoa Arusha, kwenye kikao cha waongoza watalii, wapishi wa safari na wenye kampuni, kabla msimu wa Juni haujashika kasi. Waliokuwa porini siku ile wameniomba niiweke yote hapa. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioanza kazi hii enzi za Landrover, barabara ya kutoka Makuyuni ikiwa vumbi tupu, waongozaji wenzangu, wapishi, wapagazi mliodamka alfajiri kutoka Moshi, wenye kampuni, na ninyi wanafunzi wa vyuo mliokaa kule mlangoni kama watu wanaosubiri gari: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie kulisha wanyama wakali wa porini ili mgeni aone na apige picha. Mwenyekiti aliponipigia simu nilimwambia, "Mzee, watanizomea. Watasema hayo ni mambo ya nje, sisi huku hatulishi simba." Akanijibu, "Wewe njoo, halafu uwaulize habari za mifupa ya kuku."

Basi nauliza. Nani humu ndani hajawahi kuona paja la kuku likitoka dirishani kumwendea mbweha? Nani hajawahi kula pale Ngoitokitok akaacha makombo chini akisema, "ndege watamalizia"? Mikono siioni. Naona watu wanatazama viatu vyao.

Tuanze na hapo hapo Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, maana kila mmoja wetu anapajua. Viboko wako bwawani, magari yamejipanga. Mgeni anashuka na lanchi boksi yake, anatafuta pa kukaa kwenye majani, anafungua, anatoa sandwichi. Kabla hajauma, kitu kinapita kutoka nyuma ya bega lake, upepo wa bawa unampiga shavuni, na sandwichi haipo. Kidoleni kimebaki kipande cha karatasi na mchirizi wa damu pale ukucha ulipopita. Mwewe ameshafika juu, anakula huku anaruka. Wenzake wanacheka. Mmoja anatoa kipande chake, anakiinua juu, anasema arudi tena, safari hii kamera iko tayari.

Mwewe yule hafikishi kilo moja. Sasa mpeni kilo sitini. Mpeni na taya la kuvunja paja la nyumbu. Bado mnacheka?

Na hakuna kampuni iliyowahi kuandika kwenye ratiba yake, "saa sita mchana, kulisha mwewe." Hakuna aliyekusudia. Ni maganda ya mayai, ni mkate uliobaki, ni mtu kurusha kipande aone kama kitadakwa hewani, mwaka baada ya mwaka. Leo tunawaambia watu waliovuka bahari kwamba wakae wale chakula ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na kreta yote imelala mbele yao. Haya tumeyaleta wenyewe.

Vijana wa vyuo, hapa shikeni kalamu. Kuna mnyama aliyezoea gari, na kuna mnyama anayejua kwamba gari lina chakula. Hao wawili msiwachanganye hata siku moja.

Simba wa Seronera, katikati ya Serengeti, analala kwenye kivuli cha gari lako. Kwa nini? Kwa sababu tangu azaliwe gari halijampa kitu na halijamnyang'anya kitu. Halina faida kwake, halina hatari. Analipuuza. Ndugu zangu, kazi yetu yote imesimama juu ya kupuuzwa huko. Ada za watoto wetu, nyumba tulizojenga Njiro na Sakina, zote zimetoka kwenye kupuuzwa na simba. Siku utakapomrushia kipande cha nyama, gari linaanza kuwa na maana. Ataanza kutazama mlango. Ataanza kutazama dirisha. Ataanza kuutazama mkono wako. Na wala si lazima umpe kila siku. Anayepata leo, akakosa kesho na keshokutwa, akapata tena siku ya nne, huyo ndiye mgumu kumwachisha. Atajaribu na kujaribu, kwa sababu ameshajifunza kwamba kukosa si mwisho. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Hawakuwa wanazungumzia simba, lakini wangeweza.

Mtaniambia, "Sawa, ila hao wanaoharibu ni watu wasiojua." Hapana. Tazameni Gombe. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika pale mwaka 1960, na miaka michache baadaye wakaanza kuwapa sokwe ndizi kambini ili waweze kuwaona kwa karibu. Nia ilikuwa njema, na mtu mwenyewe alikuwa anawapenda wanyama wale kuliko tunavyowapenda wengi wetu. Lakini sokwe walirundikana mahali pamoja, wakagombania ndizi wao kwa wao na nyani pia, na ikabidi utaratibu ubadilishwe, ndizi zipunguzwe, mwishowe zikomeshwe. Na msidanganyike na neno ndizi: sokwe ni mwindaji, anakula mbega. Kama Gombe, penye wataalamu na madaftari, jambo lile liliwashinda, wewe na kuku wako wa kuchoma utaliweza?

Sasa nawasimulia kisa. Kambi siitaji, maana wenyewe huenda wamo humu.

Ilikuwa kambi ya msimu kusini mwa Serengeti, wakati nyumbu wanazaa. Jiko lilikuwa hema la turubai, na nyuma yake shimo la taka ambalo kila siku lilikuwa "litafukiwa kesho." Mpishi mkuu alikuwa fundi kwelikweli, anaoka mkate kwenye sufuria na makaa juu ya mfuniko, mgeni anadhani umetoka hotelini. Jioni alikuwa akimwaga mifupa shimoni, na fisi wakaanza kuja. Mgeni mmoja akawasikia wakicheka, akauliza kama anaweza kuwaona. Meneja akaona biashara.

Basi ikawa kila baada ya chakula cha jioni wageni wanakaa kwenye viti vya kukunja, glasi mkononi. Inawashwa kurunzi iliyofungwa karatasi nyekundu. Mpishi anarusha. Kwanza mnaona macho, mawili, manne, halafu mnakosa hesabu. Halafu mnasikia mfupa unavyopasuka. Nililala pale na wageni wangu, na sitawadanganya: kilikuwa kitu cha kutazama. Wageni walinong'ona kama wako kanisani. Bakshishi ya jiko ilipanda hadi wapishi wa kambi za jirani wakaanza kuulizana siri ni nini.

Fisi walikuwa wakija saa tatu usiku. Wakaanza kuja saa mbili. Wakaanza kuja jua halijazama, wanajilaza umbali wa kurusha jiwe, wanasubiri. Viatu vya ngozi vilivyoachwa nje ya hema vikawa havionekani asubuhi. Dumu la mafuta ya kupikia likaokotwa mbali na kambi, limetobolewa kila upande. Watu wakacheka tena. "Fisi wetu," wakasema. Wetu!

Halafu wageni wa mwisho wakaondoka. Mvua ilinyesha, hakukuwa na onyesho, hakukuwa na mifupa. Fisi walikuja vilevile. Wao hawakupewa taarifa kwamba msimu umefungwa. Msaidizi wa jiko, kijana kutoka Karatu, alikuwa amelala ndani ya hema la jiko kulinda unga na sukari. Turubai lilipasuliwa upande wa miguuni. Wenzake walipofika na mapanga na masufuria wanayagonga, fisi alikuwa ameshamshika kifundo cha mguu na anamvuta nje. Alipona. Mguu haukurudi ulivyokuwa, na kazi ya porini ikaishia hapo.

Siku ya pili wakaja askari wa hifadhi. Wakampiga risasi fisi jike, chuchu zimejaa maziwa. Ndiye aliyemng'ata kijana? Nani ajuaye. Alikuwa ndiye aliyesogea karibu alipoona watu.

Sasa tufanye hesabu, waheshimiwa wenye kampuni, maana ninyi hesabu mnaziweza. Mgeni aliyeomba kuona fisi yuko kwao na picha yake. Meneja alipata kazi kwingine. Mpishi alipata bakshishi. Nani alilipa? Alilipa msaidizi wa jiko, walilipa na watoto wa fisi waliokuwa pangoni wanamsubiri mama yao. Kati ya hao waliolipa, ni nani alikaa kwenye kile kiti cha kukunja? Hakuna hata mmoja.

Ndilo jambo nililokuja kulisema leo. Bili ya nyama ile haiendi kwa aliyeiagiza.

Na msidhani ni sisi tu. Kule Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone, kulisha dubu kulikuwa ratiba rasmi kabisa. Walitengenezewa wageni mabenchi ya kukaa, jioni wanatazama dubu wakila mabaki ya hoteli. Barabarani dubu weusi waliomba chakula kwenye madirisha ya magari. Kati ya mwaka 1931 na 1969 dubu walijeruhi watu 48 kwa mwaka, kwa wastani. Kila mwaka! Mwishowe wakubwa wa hifadhi wakasema basi. Madampo ya wazi yakafungwa, la mwisho mwaka 1970.

Je, mambo yakatulia? Hapo ndipo pa kusikiliza. Dubu waliolelewa na jalala hawakuamka asubuhi wakawa wanyama wa porini. Walikwenda kutafuta chakula penye watu, kwenye kambi, kwenye miji ya jirani, na wengi waliuawa. Mwaka 1975 wale dubu wakubwa wa kahawia ilibidi waingizwe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Kuanza kulisha kulikuwa na gharama, na kuacha kukawa na gharama nyingine.

India ni hivyo hivyo, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu ni simba. Msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka, jimbo la Gujarat, ndiko waliko simba wa Asia wa mwisho porini. Kwa miaka mingi walikuwa wakitegewa nyama ili watalii waje waone, na yaliitwa maonyesho ya simba. Maonyesho yakasimamishwa. Kisha ukaja ukame wa 1987 na 1988. Watafiti waliofuatilia mashambulizi 193 ya simba dhidi ya watu, kuanzia 1978 hadi 1991, walikuta kwamba kabla ya ukame yalikuwa kama saba kwa mwaka, na baada yake yakafika arobaini. Wakatazama ni wapi hasa simba wanasumbua watu. Moja ya mambo waliyoyaona ni ukaribu na zile sehemu ambazo zamani simba walikuwa wakiwekewa nyama ya watalii.

Watalii walishaondoka. Nyama ilishaondoka. Simba walibaki, na wanakijiji walibaki. Nawauliza tena: nani alilipa?

Tena sisi Watanzania hatuhitaji kwenda India kujua simba anavyofuata chakula. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 563, wengi wao Lindi, Mtwara na ukanda wa Rufiji. Pale hakukuwa na mtalii wala mfupa wa kuku. Kulikuwa na nguruwe pori wanaoingia mashambani, na mkulima aliyelala kwenye dungu kulinda mahindi yake. Simba alimfuata nguruwe, akamkuta mtu. Hakwenda pale kutafuta watu. Alikwenda penye chakula, na watu walikuwepo. Kama nguruwe pori peke yake anaweza kumleta simba hadi mlangoni pa mkulima, wewe unapata wapi ujasiri wa kumletea makusudi?

Hapo sijagusa magonjwa, na sitakaa sana, maana madaktari wa mifugo wamo humu watanisahihisha. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba wote, yaani waliokufa walifika kama elfu moja. Chanzo kilikuwa mbwa wa kufugwa. Jalala la kambi lililo wazi huwakutanisha mbwa wa kijijini, mbweha na fisi kwenye sahani moja. Mwenye kambi, ukiliacha shimo lako wazi, kumbuka na hilo.

Sasa nijibu wanaonipinga, kwa sababu wapo na wana hoja.

Juzi mzee mmoja alinisimamisha pale Mnara wa Saa. Mzee ninayemheshimu, amezunguka Afrika nzima. Akaniambia, "Mwanangu, na Harar je? Fisi wanalishwa pale miaka na miaka, watalii wanakwenda, mbona mji haujaisha?"

Ni swali zuri. Harar ni mji wa kale wa Kiislamu, mashariki mwa Ethiopia. Ukuta wake una matundu ya kupitishia fisi usiku. Wanaingia vichochoroni, wanakula mabaki, mji unasafishwa. Wakati wa Ashura kuna mila ya kuwawekea fisi uji. Nje ya ukuta wapo watu wanaowalisha nyama kwa kijiti, wengine kijiti kinashikwa kwa meno, na mgeni akilipa anapewa ajaribu. Yote ni kweli.

Lakini tazama tofauti. Watu wa Harar wanaishi na fisi wale. Hatari ni yao, mila ni yao, faida ni yao, na uamuzi waliufanya wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kabla mtalii hajaijua njia ya kufika. Wewe unayerusha mfupa Ndutu, umemuuliza nani? Umeuliza wafugaji wa Endulen ambao watoto wao wanachunga mbuzi kwa miguu? Umemuuliza mlinzi wa usiku mwenye rungu na tochi isiyo na betri? Usiniletee Harar kama hukuleta na watu wa Harar.

Fiji nao wananipa shida, nakiri. Katika ghuba ya Beqa wanalisha papa ili wazamiaji wawaone, na mgeni analipa ada inayokwenda kwa vijiji vilivyokubali kutovua katika mwamba ule. Tangu 2004 pametengwa kuwa hifadhi ya bahari. Papa wamelindwa, vijiji vimepata fedha. Kama kuna mfano wa kulisha unaoweza kujitetea mbele ya watu wazima, basi ni ule. Wale wanaobeba hatari wameulizwa, na wanalipwa. Hata hivyo Florida na Hawaii, ambako nako kuna papa na biashara ya kuzamia, sheria inakataza kuwalisha. Kwa hiyo msomi akikwambia jambo hili limeshaamuliwa duniani kote, mwambie bado linabishaniwa. Mimi nimeshachagua upande wangu. Simba na fisi wanatembea nchi kavu, na nchi kavu ndiyo tunayolala sisi.

Na pengine kulisha kumeishia kwa mtoto. Kisiwa cha K'gari, Australia, wageni walikuwa wakiwapa chakula mbwa mwitu wa kule, dingo, wadogo kuliko fisi wetu, wanaopendeza kwenye picha. Mwaka 2001 wakamuua mvulana wa miaka tisa. Baada ya hapo serikali ikaua dingo zaidi ya ishirini. Leo ukimlisha dingo kisiwani pale unatozwa faini nzito. Sheria hiyo ilikazwa baada ya mazishi.

Kuna na jambo la heshima ya kazi, wenzangu, ambalo watu hawalisemi. Picha ya mnyama aliyeitwa kwa nyama ni uongo. Nendeni Naivasha, Kenya, kwa majirani zetu. Mwendesha mashua anapiga mluzi, anainua samaki juu, anamtupa majini. Kutoka juu ya mti furukombe, yule tai mla samaki, anajitupa, makucha mbele, maji yanaruka, kamera zinalia. Picha nzuri mno. Lakini mtazame yule samaki kabla hajatupwa: katika baadhi ya maziwa kule wanamtia kijiti chepesi tumboni au mdomoni, ili aelee, asizame kabla ndege hajafika.  Mgeni anakwenda kwao anasema, "nilimwona tai akiwinda." Hakumwona tai akiwinda. Alimwona akihudumiwa.

Wapiga picha wenyewe wameshaanza kushtuka. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori ya London, zawadi kuu ya mwaka 2009 ilikwenda kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka geti usiku. Januari 2010 zawadi ikafutwa, kwa sababu waamuzi waliona uwezekano mkubwa kwamba ni mnyama wa kufugwa aliyefundishwa kuruka. Siku hizi mashindano yale hayaruhusu picha iliyopatikana kwa kutumia mnyama hai kama chambo. Wateja wanaanza kuuliza, "Mlimpataje?" Wewe mwenye kampuni ya Arusha, unataka kuwa upande gani wa swali hilo?

Wengine mnasema, "Mzee, sisi tunaishi kwa bakshishi. Mgeni amekaa siku nne hajaona chui, uso umekunjamana, unataka nifanye nini?" Nakuelewa. Nami nimeendesha wageni waliokunja uso kutoka Naabi hadi Lobo. Ila niambie, kazi yako ni ipi? Kujua chui anapenda mti gani kando ya mto Seronera, kujua swala anatazama wapi na anatazama kwa nini, kusoma unyayo asubuhi kabla magari hayajaufuta, kusikiliza kima wanapopiga kelele. Huo ndio ufundi, na ndio unaolipwa. Nyama yeyote anaweza kurusha. Ukimfundisha mgeni kwamba chui anapatikana kwa kilo moja ya nyama ya Soko la Kilombero, siku inayofuata atataka kujua wewe unalipwa kwa lipi.

Mwaka 1961, hapa hapa Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka mbele ya dunia kwamba tumeipokea dhamana ya wanyama hawa, na kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu nao waufaidi urithi huo. Alisema dhamana. Anayelinda dhamana hapimi kwa bakshishi ya leo jioni.

Nimalize kwa mambo ya kufanya, maana sikuja kuwahubiria tu.

Wapishi, mapaja ya kuku yenye mfupa yatoke kwenye lanchi boksi. Wekeni nyama isiyo na mfupa, wekeni maharage, wekeni chochote ambacho mgeni akimaliza hakuna cha kurusha. Ni jambo dogo mno na linaondoa nusu ya tatizo. Taka za kambi zirudi mjini na gari lililoleta chakula. Kama lilikuwa na nafasi ya kuja na kreti za soda, lina nafasi ya kurudi na magunia ya taka. Viatu, mabegi ya ngozi na madumu ya mafuta yalale ndani, na wala si ndani ya turubai la jiko. Na mtu asilale jikoni. Dada zangu na kaka zangu wenye kambi, unga wenu hauna thamani ya mguu wa mtu.

Waongozaji, mgeni aambiwe Lodoare, kwenye geti la kuingilia Ngorongoro, mkiwa bado mnasubiri vibali. Usingoje simba awe mbele yake. Akiwa mbele ya simba hasikii, hata ungetumia kipaza sauti. Mwambie kwa maneno mepesi: hapa hatumpi mnyama chochote, kwa sababu akizoea mkono wako atakuja kuutafuta mkono wa mwingine. Nimewaambia hivyo Wajerumani, Wachina, Wamarekani, na sijapata aliyebisha.

Wenye kampuni, liandikeni hilo kwenye ratiba na kwenye mkataba. Na mwongozaji akileta malalamiko ya mgeni kwamba hakuona chui, msimkate malipo ya siku. Mkimkata, mmemtuma akanunue nyama.

Nimesema. Maswali.

Kijana wa chuo, aliyevaa shati la kijani, alisimama akauliza: "Mzee, shikamoo. Mimi bado nafanya mazoezi. Mgeni akirusha mwenyewe wakati mimi naendesha, na ana umri wa baba yangu, namwambiaje?"

Marahaba, mwanangu. Usimwambie kitu. Washa gari, ondoka taratibu. Mnyama anabaki, picha inabaki, yeye anakwenda. Atakuuliza kwa nini tumeondoka. Hapo ndipo unamweleza, kwa adabu, bila kumwaibisha mbele ya mkewe. Hatarudia, na wenzake walioikosa picha watakusaidia kumchunga safari nzima.

Dada mmoja, mwongozaji, akauliza kutoka katikati ya ukumbi: "Na kama aliyeagiza ni bosi? Amenipigia simu, kasema wageni hawa ni wakubwa, fanya lolote fisi wasogee."

Dada yangu, usibishane naye kwenye simu. Mwambie mtandao unasumbua, akuandikie meseji: jina lake, jina la kambi, saa, na maneno "rusha nyama." Utaisubiri sana hiyo meseji.